Kamera Yako ya Kwanza: Mwongozo kwa Watu wa Pwani Walioko Kitui na Makueni



Mpwa wangu ni mwalimu wa shule moja ya upili huko kaunti ya Kitui. Kwa miezi minane alikuwa akiweka akiba anunue kamera, zile kubwa za kubadilisha lenzi, kwa kuwa nikahi ya dadake ilikuwa inakaribia na yeye alitaka picha za familia zipigwe na mkono wa familia. Akainunua kwa mtu, na yule mtu akamuongezea lenzi ya pili kwa bei ya kutupa, akamwambia, "Hii ndiyo ya kupigia watu."

Siku ya nikahi ikafika. Chumba kilikuwa na kiza kidogo, mapazia yamefungwa, watu wamejaa. Mpwa wangu akaifunga ile lenzi ya pili. Akabonyeza, lenzi haikulenga. Akabonyeza tena, kimya. Ikabidi azungushe kwa mkono, akibahatisha, huku shekhe anasoma khutba na bwana harusi ameshikana mkono na walii. Alipiga picha zaidi ya 200 siku ile. Zilizotoka safi hazikufika kumi, na ya kushikana mikono haikuwa mojawapo. Nikahi haina marudio.

Baadaye tukagundua kwamba kamera haikuwa mbovu, wala lenzi haikuwa mbovu. Vilikuwa vitu viwili vizima visivyopatana, na mnunuzi hakujua la kuuliza. Vijana wetu wengi wako huko bara: Kitui mjini, Mwingi, Wote, Makindu, Kibwezi, Emali, Mtito Andei. Ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wafanyakazi wa reli. Wengi wanapenda picha na wengi huniuliza swali lilelile. Leo nimeyaweka pamoja yale ambayo mpwa wangu alistahili kuambiwa kabla ya kutoa pesa zake.

Kwanza, je, unaihitaji?

Simu ya kisasa inapiga picha nzuri mchana, na kama picha zako zinaishia WhatsApp, huenda usihitaji kitu kingine. Sema hivyo kwa nafsi yako kabla hujatoa shilingi.

DSLR ni kamera yenye kioo kidogo ndani. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo na kupanda hadi kwenye kijidirisha unachotazamia. Ukibonyeza, kioo kinainuka na mwanga unafika kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea picha mahali palipokuwa na filamu zamani. Kihisi hicho ni kikubwa mara nyingi kuliko cha simu, ndiyo maana picha za usiku na za chumbani hutoka safi zaidi. Faida kubwa kuliko hiyo ni kwamba lenzi inatoka na nyingine inaingia. Simu nyingi haziwezi kumvuta ndovu aliye mbali bila kuiharibu picha. Lenzi ya milimita 300 inaweza.

Jambo la pili la kujua ni hali ya soko. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na DSLR mpya zimepungua. Kwa anayeanza, hiyo ni habari njema. Wapiga picha wa kazi wanaziuza DSLR zao wahamie kwenye hizo mpya, na kamera ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa ya matajiri sasa inauzwa mkono wa pili kwa bei ya mtu wa kawaida. Ila soko la mkono wa pili ndilo lililomnasa mpwa wangu, basi ni lazima uliingie ukiwa na macho.

Utapiga nini?

Watu huanza kwa kuuliza, "Canon au Nikon?" Swali hilo liweke mwisho. Anza na utakachokipiga, maana hicho ndicho kitakachochagua lenzi, na lenzi itachagua kamera.

Tazama ulipo. Kitui una jiwe la Nzambani, nje kidogo ya mji, lile ambalo wenyeji husema ukilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Ukisimama chini yake, jiwe halienei kwenye picha. Unahitaji lenzi pana, milimita 18 hivi. Ukipanda ngazi zake ukafika juu, hiyohiyo lenzi pana inakupa bonde zima.

Siku ambazo anga ni safi, Mlima Kenya huonekana kutoka sehemu za juu za Kitui. Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona tarehe 3 Disemba 1849 akiwa kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilikuwa ikiteremka hadi pwani. Wako wasomi wa Ulaya waliokataa kuamini kwamba kuna theluji kwenye ikweta, na Krapf hakuwa na ushahidi ila maneno yake. Wewe ukitaka kuuleta mlima huo nyumbani, unahitaji lenzi ndefu, milimita 200 hadi 300, na uamke alfajiri kabla mawingu hayajaufunika.

Makueni ina mambo yake. Kuna mibuyu ya Kibwezi na Mtito Andei, ambayo ni mizuri kwa lenzi ya kawaida jua likiwa chini. Kuna vilima vya Chyulu na milima ya Mbooni. Kuna soko la mifugo la Emali, lenye vumbi, ng'ombe na nyuso za watu. Kuna hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambalo wasafiri wengi wa njia ya Mombasa wanalijua kwa chakula chake cha bure. Na kuna Tsavo, ambayo abiria wa treni ya SGR huiona dirishani. Kwa wanyama, chini ya milimita 250 utarudi na picha za nukta za kahawia.

Na wengi wetu, tukisema kweli, tutapiga watu zaidi ya kitu kingine: watoto, wazazi, wanafunzi, maulidi, harusi. Kwa watu chumbani, unahitaji lenzi yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga.

Andika vitu vitatu utakavyopiga zaidi. Ukishaviandika, nusu ya kazi umemaliza.

Lenzi kabla ya bodi

Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Hiyo ni nzuri kwa mandhari na kwa shughuli za mchana. Udhaifu wake ni mwanga. Ukiivuta hadi 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Hiyo namba ya f inafanya kazi kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Ndani ya chumba cha nikahi, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na kivuli.

Lenzi hizi ndogo za 50 f/1.8 ni katika lenzi za bei nafuu kuliko zote, na uso wa mtu hutoka vizuri sana. Zina tatizo moja. Kwenye kamera za kuanzia, ambazo kihisi chake ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, milimita 50 huona kama milimita 75 hadi 80. Katika chumba kidogo, utajikuta umeegemea ukuta na bado watu hawaenei. Kwa vyumba vidogo, Nikon wana 35 f/1.8 na Canon wana 24 f/2.8 nyembamba kama biskuti. Zipime kwanza ndipo uchague.

Lenzi ndefu za kuanzia ni kama 55-250 ya Canon na 70-300 ya Nikon. Chagua iliyo na utulizaji wa mtikisiko, ambao Canon huuandika IS na Nikon VR. Lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mkono wako. Hata na utulizaji huo, ukifika milimita 300 weka shata isiwe polepole kuliko sehemu 1 ya 500 ya sekunde. Kwenye treni inayokwenda, anzia sehemu 1 ya 1,000, zima flashi, na ukaribishe lenzi na kioo cha dirisha ili usipige kivuli chako mwenyewe.

Bodi huchakaa na kupitwa na wakati. Lenzi nzuri hukaa miaka ishirini na zaidi. Ukiwa na pesa kidogo, punguza kwenye bodi, usipunguze kwenye lenzi.

Mtego uliomnasa mpwa wangu

Hapa soma polepole.

Kwenye Canon, mota ya kulenga iko ndani ya lenzi. Kila lenzi ya Canon iliyoandikwa EF, tangu mwaka 1987, italenga yenyewe kwenye DSLR yoyote ya Canon. Zilizoandikwa EF-S ni za kamera za kihisi kidogo tu. Hazifungiki kwenye zile za fremu nzima. Kwa anayeanza, hilo halina shida.

Kwenye Nikon mambo yana matawi. Lenzi zao za zamani, zile za AF na AF-D, hazina mota. Husukumwa na mota iliyo ndani ya bodi. Bodi kama D80, D90, D7000, D7100 na D7200 zina mota hiyo. Lakini bodi nyepesi za kuanzia, yaani ukoo wa D3000 hadi D3500 na ukoo wa D5000 hadi D5600, hazina. Ukiifunga lenzi ya 50 f/1.8D kwenye D3200, itashika, picha utaiona, lakini haitalenga. Kwa bodi hizo, tafuta herufi AF-S, na kwa 50 hakikisha imeandikwa G.

Kuna mtego wa pili. Lenzi mpya za Nikon za AF-P nazo hazilengi kwenye bodi za zamani kama D3100, D3200, D5100, D90 na D7000. Kwa hiyo lenzi ya zamani mno inaweza kukataa, na mpya mno pia inaweza kukataa.

Kanuni ni moja: usinunue lenzi ambayo hujaifunga kwenye bodi yako, ukabonyeza, ukaisikia na kuiona ikilenga kitu cha karibu na kitu cha mbali. Ni dakika mbili. Zingemwokolea mpwa wangu picha ya walii.

Yale yasiyokuhusu sana

Muuzaji atakuimbia megapikseli. Picha ya megapikseli 12 inachapishika vizuri kwa ukubwa wa karatasi ya A4, na kamera nyingi za kuanzia zina 18 hadi 24. Usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo namba.

Fremu nzima ni nzuri, lakini bodi ni nzito, lenzi ni ghali, na wewe bado hujajua kama utalipenda jambo hili mwakani. Iache.

Yanayostahili kuulizwa ni haya. Je, utarekodi video za khutba au mahojiano? Basi tafuta tundu la maikrofoni. Canon 2000D, Nikon D3400 na D3500 hazina. Canon 700D na Nikon D5600 zinalo. Je, unataka kuhamishia picha kwenye simu? Canon 1300D na 2000D zina Wi-Fi; 1200D haina. Je, unakaa mahali umeme unapotea mara kwa mara? Kwa kipimo cha watengenezaji, betri ya D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, na ya Canon 2000D 500. Kwa anayekaa kijijini Mutomo au Kathonzweni, hiyo si tofauti ya kupuuza.

Vumbi la Ukambani, unyevu wa Pwani

Sisi tunaopanda na kuteremka tuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Kamera yetu inaishi katika hali mbili zinazopigana.

Ukambani adui ni vumbi. Miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi mvua za Oktoba au Novemba, vumbi jekundu linaingia popote. Likiingia kwenye kihisi, kila picha inakuwa na madoa meusi angani. Badilisha lenzi ndani ya gari au chumbani, zima kamera kwanza, na mdomo wa bodi utazame chini. Nunua kile kipira kidogo cha kupulizia hewa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha doa baya kuliko vumbi. Wala usifute lenzi kwa ncha ya shati. Puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini.

Pwani adui ni kuvu. Lenzi ikikaa ndani ya begi la ngozi kabatini, katika joto na unyevu wetu, kuvu huota baina ya vioo, kama nyuzi za buibui. Ikishika sana, inakula rangi ya kioo na haiponi. Dawa ni rahisi: kopo la plastiki linalofungika vizuri, ndani yake zile punje za kunyonya unyevu. Ukizikosa, usiweke mchele. Vumbi lake ni balaa jingine. Na itumie kamera. Lenzi inayotoka nje kila wiki ni nadra kuota kuvu.

Kwa mnunuzi, somo ni hili: kamera iliyokaa Mombasa, Malindi au Lamu, ichunguze kuvu. Iliyokaa Kitui au Makueni, ichunguze vumbi.

Mambo kumi ya kuangalia kwa muuzaji

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na memori kadi yako, tochi ya simu, na gazeti. Kutane mchana, mahali penye watu.

1. Toa lenzi, imulike kwa tochi upande wa nyuma huku ukitazama mbele. Nyuzi za buibui au mawingu ni kuvu. Ondoka.
2. Tazama ndani ya bodi. Kioo kiwe safi na kizima, na vile vidoti vya shaba visiwe na kutu.
3. Weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, uikuze picha kwenye skrini. Madoa ya vumbi husafishika; mkwaruzo hausafishiki.
4. Funika lenzi, piga picha ya sekunde kumi gizani. Nukta chache si neno. Nukta nyingi nyekundu na buluu ni kihisi kilichochoka.
5. Uliza shata imepiga picha ngapi. Za kuanzia za Nikon kama D3500 zilijaribiwa hadi 100,000. Kwenye Nikon, hesabu hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha na programu nyingi huisoma. Kwenye Canon ndogo haiandikwi humo. Inahitaji kompyuta na waya. Muuzaji mkweli hatakataa.
6. Laza gazeti mezani, lenga mstari mmoja wa katikati, piga, ukuze. Mstari uliolenga ndio uwe mkali, si wa juu yake wala wa chini yake.
7. Bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu, inua flashi.
8. Ingiza kadi, toa, ingiza tena. Meno ya kadi yaliyopinda hayaonekani hadi siku ya harusi.
9. Toa betri uitazame. Iliyovimba ni hatari. Hakikisha chaja ipo na inafanya kazi.
10. Dai risiti ya kwanza, au angalau namba ya bodi iandikwe pamoja na jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Kamera huibwa sana, na sheria ya Kenya inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua. Tena si halali kwetu kufurahia kilio cha mwingine.

Na usitume hata shilingi ya "kuniwekea" kwa M-Pesa kabla hujaishika kamera mkononi. Anayekimbizana nawe ulipe leo kwa sababu wateja wengine wanangoja, mwache awape hao wateja.

Gawa pesa zako

Kosa la wengi ni kumaliza akiba yote kwenye bodi. Igawe pesa yako mafungu kumi. Matano yawe ya bodi na lenzi yake ya 18-55. Matatu yawe ya lenzi ya pili, ile iliyochaguliwa na vitu vitatu ulivyoandika. Mawili yaliyobaki yanunue betri ya akiba, kadi mbili, begi, kipira cha hewa na kopo la kuhifadhia. Kadi ziwe mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu kadi moja ikiharibika isichukue shughuli nzima.

Kama mafungu matatu hayatoshi lenzi ya pili, ingoje. Piga miezi mitatu na ile ya kwanza. Utaijua haja yako kuliko ninavyoijua mimi.

Ningenunua ipi?

Kwa mwalimu au muuguzi anayetaka picha za familia, shule na mandhari: Canon 1300D au 2000D, au Nikon D3300 hadi D3500, pamoja na lenzi ndogo ya f/1.8. Canon ni rahisi zaidi kwa asiyetaka kukariri herufi za lenzi, na ina Wi-Fi. Nikon hizo zina betri ya kudumu. Canon 4000D iogope kidogo. Wamebana gharama hadi mahali lenzi inapofungwa ni plastiki.

Kwa anayevutwa na Tsavo na ndege wa Kibwezi: bodi hizohizo zinatosha, pesa iende kwenye 55-250 au 70-300.

Kwa anayetarajia siku moja kulipwa kwa harusi: tafuta bodi ya daraja la pili iliyotumika, kama Nikon D7100 au Canon 70D. Zina magurudumu mawili ya kurekebishia, ni imara mkononi, na 70D hulenga vizuri sana kwenye video. D7100 ina ile mota ya ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za bei nafuu zinakuwa zako.

Ukija kuhamia kamera zisizo na kioo, lenzi za Canon EF zitafanya kazi kwa adapta ya Canon na kulenga kama kawaida. Za Nikon AF-S pia. Zile za zamani za AF-D, kwa adapta ya Nikon, zitafunga lakini hazitalenga. Herufi zilezile zinarudi tena.

Jua, kanzu na adabu

Kuna yasiyonunuliwa. Kitui na Makueni ziko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua linasimama utosini na kuchimba mashimo meusi machoni pa watu. Piga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Jioni usichelewe, kwetu giza halibishi hodi.

Kamera pia hudanganyika na nguo zetu. Ikiona kanzu nyingi nyeupe hudhani mwanga umezidi, na kanzu hutoka kijivu. Ikiona mabuibui meusi hufanya kinyume. Jifunze kile kitufe chenye alama ya jumlisha na toa. Kiko kwenye DSLR nyingi.

Mwisho ni adabu. Wewe ni mgeni Ukambani. Mwambie mama wa sokoni "Wi museo?" kabla hujainua kamera, na akikataa, ishushe. Hekaluni Makindu funika kichwa na uombe ruhusa. Kwenye harusi zetu upande wa akina mama una heshima yake, na picha ya mtu aliyejistiri nusu ni amana. Haipandishwi mitandaoni bila idhini yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inalinda picha ya mtu kama inavyolinda namba yake ya simu.

Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliiamsha dunia, alianza utotoni Dar es Salaam na kamera ya Box Brownie ya mkono wa pili. Marehemu Omar Said Bakor alijifunza mwenyewe kazi hii na kufungua studio yake Lamu. Hawa hawakungoja kamera bora.

Mpwa wangu naye hakuitupa ile kamera. Aliiuza lenzi ile kwa mtu mwenye bodi inayopatana nayo, akamweleza wazi kwa nini anaiuza, akanunua ya AF-S. Mwezi uliopita alimpiga nyanyake picha barazani baada ya swala ya alasiri, anacheka, mkono mmoja ukishika mtandio. Ile ya walii imepotea. Hii ya nyanya imechapishwa na iko ukutani.

Wabillahi tawfiq.